Kisu kikivunjika, utamrudishia nani?



Kila mara tukikutana, mabishano ni yale yale: kununua kwenye simu ao kununua Birere? Wa simu wanasema wenye maduka wanatunyonya. Wa maduka wanasema picha haikati nyama. Juzi mabishano yalikuwa juu ya visu na mapanga, na mimi nilinyamaza, kwa sababu kwenye jambo hili niko na deni. Leo nalilipa kwa kuandika.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nasaidia kikundi cha mama wakulima huko Masisi. Migomba yao ilikuwa na mnyauko wa bakteria, ule majirani wa Rwanda wanaita kirabiranya. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, ukikata shina linatoa uji wa manjano. Ugonjwa huu ulijulikana Ethiopia kwanza, tena kwa muda mrefu. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kwenye miaka ile ile ukaingia kwetu kupitia Masisi. Dawa ya kupuliza haipo. Moja ya njia zake kubwa za kusafiri ni kisu: unakata mgomba mgonjwa, unaenda na kisu kile kile kwa mgomba mzima, umeshauambukiza. Ndiyo maana tunafundisha hivi: kata shina lililougua tu, pitisha kisu kwenye moto mpaka kiwe cha moto usichoweza kugusa, ao kioshe na javeli, halafu uende kwa mgomba mwingine.

Kikundi kilikuwa na visu vichache sana. Nikajitolea kununua vingine. Birere, kisu kimoja kizuri kilikuwa kwa bei ya visu vitatu vya kwenye simu. Nikapiga hesabu kama msomi, nikachagua simu. Komisioneri akapokea pesa, tukangoja wiki nyingi, visu vikafika: mipini myekundu, bapa zinang'aa, hata mama mmoja akasema ni vya harusi.

Siku ya kwanza ya kazi tulikuwa kwenye mgomba wa nne wakati mpini wa kwanza ulianza kulainika. Bapa lilikuwa jembamba sana, moto ulikuwa unapanda haraka, na mpini ulikuwa plastiki tupu. Mama mmoja akabaki na bapa mkono huu na mpini mkono ule. Tulicheka wote. Lakini walirudi kwenye visu vyao vya zamani, na kwenye moto hawakurudi tena, kwa sababu sasa walikuwa wameona kwa macho yao kwamba moto unaharibu kisu. Siwezi kuapa kwamba visu vyangu ndivyo vilisambaza ugonjwa kwenye mashamba yale. Ninachojua ni kwamba somo langu lilikufa siku hiyo.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha. Hakujibu. Komisioneri akaniambia: “Mimi ni msafirishaji tu.”

Toka siku ile nilianza kujiuliza swali la historia zaidi kuliko la bei. Ilikuwaje tukafika kushika chuma ambacho hatumjui aliyekitengeneza, wala pa kumrudishia?

Zamani: mhunzi aliyekuwa na uso

Chuma si kitu cha kuletwa na mzungu kwenye eneo letu la Maziwa Makubwa. Kule Buhaya, upande wa Kagera nchini Tanzania, kwenye kijiji cha Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya tanuru za chuma za miaka kama 2000 iliyopita. Mwaka 1976 aliwaomba wazee wa Kihaya waonyeshe namna babu zao walivyoyeyusha mawe kupata chuma. Wazee walikuwa wameacha kazi hiyo miaka mingi, ikabidi wakumbushane na kujaribu mara kadhaa mpaka chuma kikatoka. Fikirieni hilo: ujuzi wa karne nyingi ulikuwa umebaki kwenye vichwa vya wazee wachache.

Kwetu pia, kuzunguka ziwa Kivu, jembe lilikuwa zaidi ya chombo. Kwa Wanyarwanda jembe lilitolewa kwenye mahari, na mpaka leo kwenye sherehe za kuomba binti wanalitaja. Kwenye masoko ya ziwa katika karne ya 19, watu walibadilishana ng'ombe, chumvi, vyakula na majembe, na bangili za nyuzi zilizoitwa butega, zilizosukwa na Watembo wa magharibi ya ziwa, zilitumika kama pesa.

Chuma kilikuwa ghali, kwa hiyo hakikutupwa. Jembe lililoisha lilirudi kwa mhunzi likageuka kisu. Na hapa ndipo jambo langu linaanzia: mhunzi alikuwa na jina, na nyumba yake ilijulikana. Kisu kikivunjika unakirudisha kwa mkono uliokitengeneza. Hakukuwa na karatasi ya garanti. Garanti ilikuwa uso wake.

Chuma cha meli

Ukoloni ulikuja na chuma chake. Jembe la kiwandani lilifika kwa meli, kwa treni na kwa vichwa vya wapagazi, na lilikuwa bei ndogo kuliko jembe lililoanzia kwenye jiwe, makala na mivukuto. Tena Wabelgiji walikuwa na sababu ya kutaka majembe mengi vijijini. Mwaka 1917 waliweka sheria ya kilimo cha lazima: kila mwanaume kijijini alipaswa kutoa siku kadhaa za mwaka kulima mazao aliyoamriwa. Wale waliosoma agronomia pamoja nami wanajua kwamba taaluma yetu hapa Kongo iko na mizizi kwenye sheria ile. Si jambo la kujivunia, lakini ni historia yetu.

Watu wengi wanasema uhunzi ulikufa wakati huo. Si kweli kabisa. Kilichokufa ni kuyeyusha mawe. Kazi ya kufua ilibaki, ila mhunzi akabadilisha mahali pa kupata chuma: badala ya mlima, akaanza kutafuta vyuma vilivyochakaa vya wazungu. Ni kazi ile ile tunayoiona leo kando ya barabara ya Rutshuru. Resori ya lori inakatwa, inachomwa, inapigwa, inakuwa mupanga.

Alama ikachukua nafasi ya uso

Sasa, jembe linapotoka mbali, mnunuzi anajuaje kwamba ni zuri? Hapo ndipo alama ilizaliwa, na Ulaya walilijua tatizo hili mapema. Sheffield, muji wa visu nchini Uingereza, mafundi walikuwa na chama chao kwa sheria ya mwaka 1624, na moja ya kazi za chama ilikuwa kuandikisha alama ya kila fundi. Fundi akigonga alama yake kwenye bapa, ni kama ameweka uso wake pale.

Kisha wakaja waigizaji. Katika karne ya 19 visu vya bei rahisi vya Ujerumani, vingi vya Solingen, viliuzwa vikiwa na jina la Sheffield. Waingereza walikasirika, na mwaka 1887 bunge lao likapitisha sheria kwamba bidhaa ya nje isijifanye ya Uingereza, ionyeshe ilikotoka. Maneno “Made in Germany” yalianza hivyo, kama aibu. Wajerumani wakaamua kuboresha kazi, maneno yale yale yakawa sifa, na mwaka 1938 Solingen nayo ikapata sheria ya kulinda jina lake juu waigizaji walikuwa wamefika na kwake! Kwa hiyo tunapolalamika leo juu ya panga la “asili” ambalo si la asili, tujue kwamba ugonjwa huo ni wa zamani, na haukuanzia Afrika wala China.

Kwetu Afrika ya Mashariki alama iliyoshinda ilikuwa mnyama. Jembe la mamba, jembe la jogoo. Bibi ambaye hakusoma hata darasa moja alijua kutofautisha mamba wa kweli na mamba wa kuchora vibaya. Aliulizwa na mwenye duka: “Unataka gani?” Akajibu: “Ile ya mamba.” Na mwenye duka alijua kwamba akimpa ya uongo, wiki ijayo bibi atarudi sokoni, tena na majirani.

Hata kununua kwa picha si jambo jipya

Wa simu wataniambia: sawa, lakini intaneti ni dunia mpya. Kweli, chombo ni kipya. Tendo ni la zamani. Ufaransa, kampuni ya Manufrance ya Saint-Étienne ilianzishwa mwaka 1885, ikawa inauza bunduki, baiskeli na visu kwa katalogi. Mtu aliangalia mchoro, aliandika barua, alituma pesa, alingoja. Marekani, Sears walifanya vile vile na wakulima wa mbali, na ahadi yao kubwa ilikuwa kwamba usiporidhika pesa zako zinarudi.

Ahadi hiyo ilifanya kazi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na posta. Kuanzia Januari 1913 posta ya serikali ya Marekani ilianza kubeba vifurushi vikubwa mpaka kwa mkulima, na biashara ya katalogi ikapanda sana. Yaani picha peke yake haikujenga biashara ile. Iliyojenga ni barabara, anwani, posta, na mahakama ya kwenda ukidanganywa.

Tujiangalie sisi. Mimi nikiulizwa anwani yangu hapa Munigi naandika nini? “Ukivuka pale penye kanisa, uliza”? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na benki za muji zilifunga milango wakati ule ule. Mzigo unazunguka kwa nchi za watu kabla ya kutufikia. Pesa ya kwenda inapita kwenye simu ya komisioneri, na ya kurudi haina njia. Tumechukua mchoro wa katalogi bila kuchukua posta yake. Kwa hiyo ile bei ndogo tunayoiona kwenye kioo, sehemu yake ni bei ya hatari ambayo tumekubali kuibeba sisi wenyewe.

Munigi inakijaribu chuma

Sisi wa Bukumu tunalima juu ya mawe. Nyiragongo ilitema mwaka 1977, ikatema Januari 2002, ikatema tena Mei 2021. Ile ya 2002, nyufa zilifunguka mpaka huku juu karibu na Munigi, moto ukashuka mujini ukala katikati ya biashara. Maduka ya vyuma yakayeyuka pamoja na vyuma vyake. Wenye maduka walirudi, wengine wakauzia juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na joto.

Udongo wetu ni mchanga mwembamba katikati ya lava. Jembe laini linajikunja siku ya kwanza. Jembe gumu kupita kiasi linavunjika pembe. Hakuna picha inayoweza kukuambia hilo, wala nyota tano za mnunuzi wa mbali anayelima udongo usio na mawe. Mama muuzaji wa barabarani anaweza kukuambia, kwa sababu wateja wake wote wanalima lava hii.

Kuna historia nyingine ambayo siwezi kuiruka nikiwa Munigi. Mwaka 1994 hapa palikuwa kambi ya wakimbizi, na kipindupindu kiliua watu wengi sana. Walitoka nchi ambamo panga, chombo cha shamba, lilikuwa limetumiwa kuua watu. Mapanga mengi yalikuwa nyumbani tayari, lakini Human Rights Watch, ikisoma vibali vya kuingiza bidhaa, ilihesabu mapanga 581,000 yaliyoruhusiwa kuingia Rwanda kati ya Januari 1993 na Machi 1994. Silitaji kwa kuamsha vidonda. Nalitaja juu ya jambo moja: bidhaa hii si kama viatu. Muuzaji wa mtaani akiona kijana anaomba mapanga hamsini, anaweza kumuuliza ni ya shamba gani. Karatasi ya bandarini haiulizi, na simu haiulizi.

Lakini duka si malaika

Nisiandike kama wakili wa Birere. Kuna maduka yanapaka rangi nyeusi juu ya chuma laini na kugonga alama ya mamba. Kuna wanaokataa kutoa risiti. Kuna wanaopandisha bei mara tu wakisikia unanunulia “mradi”. Na mhunzi naye, resori ikikosekana, anafua nondo ya beto. Nondo ina kaboni kidogo sana, kwa hiyo hata uizime kwenye maji mara kumi haishiki makali. Resori ya gari ina kaboni ya kutosha kuwa ngumu na bado ikajikunja kidogo bila kuvunjika. Ndiyo tofauti ya panga la miaka kumi na panga la msimu mmoja.

Na simu iko na haki yake. Kisu cha kupandikizia maparachichi, sekateri nzuri, kipimo cha asidi ya udongo: nimezunguka Goma yote kuvitafuta na nikarudi mikono mitupu. Kwa vitu kama hivyo, bila simu tungebaki nyuma. Hata kwa vile vilivyopo, simu imetusaidia kujua bei za kwingine, na mwenye duka anajua kwamba tunajua.

Kwa hiyo sisemi simu ni mbaya na duka ni zuri. Nasema swali letu lilikuwa baya. Tulikuwa tunauliza “wapi ni rahisi?” Wazee waliuliza “nani atajibu?” Kwa mhunzi alijibu mtu. Kwa Sheffield ilijibu alama, na chama nyuma yake. Kwa katalogi ilijibu ahadi, na posta nyuma yake. Kabla ya kutuma pesa, kila mmoja wetu ajiulize: safari hii anajibu nani?

Ninachopendekeza kwa chama

Panga, jembe na kisu cha kazi ya kila siku, tununue mahali tunaweza kurudi kwa miguu. Kabla ya kulipa, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kidogo chuma ni kigumu, ikikula kama sabuni achana nacho. Gonga bapa na kidole, sikiliza kama linalia ao linanyamaza. Angalia kama chuma kinaingia mpaka mwisho wa mpini na kama kimefungwa na misumari. Kwa kazi ya migomba, mpini uwe wa mti, na bapa liwe nene.

Kwa vifaa vya pekee ambavyo havipo hapa, tuagize pamoja, lakini tuanze na kimoja. Kifike, tukikate nacho, tukipitishe kwenye moto, tukiache kwenye mvua. Kikishinda, ndipo tuagize kumi. Ningefanya hivyo kule Masisi ningepoteza kisu kimoja badala ya kupoteza imani ya kikundi.

Na tusiwadharau wahunzi. Tramontina, ambayo mapanga yake yanajulikana Afrika nyingi, ilianza mwaka 1911 kama karakana ndogo ya Valentin Tramontina huko Carlos Barbosa, kusini mwa Brazil. Alipokufa mwaka 1939, mjane wake Elisa De Cecco aliendeleza kazi, akipanda treni kwenda kuuza visu Porto Alegre. Sisemi kila mhunzi wa Munigi atakuwa na kiwanda. Nasema mwanzo wao haukuwa tofauti sana na turubai ile ya kando ya barabara.

Mwezi uliopita nilienda pale kwa turubai. Papa mhunzi aliniuliza: “Mutoto wangu, unataka kisu ya nini?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kwenye simu. Nikamweleza habari ya migomba na moto. Akafikiri, akasema: “Basi usichome mpaka ikuwe nyekundu. Ikikuwa nyekundu, ugumu inatoka. Choma mpaka mate ikirushwa pale juu inalia, njo inatosha.” Mimi nilisoma miaka mitano na jambo hilo nilikuwa nafundisha bila kulieleza vizuri: joto linaloua bakteria ni dogo kuliko joto linaloharibu makali. Nikanunua visu vitatu, mipini ya mti. Nikamuuliza: na kikivunjika? Akaonyesha jiwe alilokalia.

“Niko hapa. Utaleta.”

Viwili nimeshavituma kwa mama wa Masisi. Cha tatu niko nacho, anayetaka kukijaribu anione kabla ya Jumamosi.